Tulianza kazi wiki moja na mishahara inalingana, mtoto alipozaliwa mmoja akapanda mwingine akabaki palepale. Kwenu ikoje?

MamaHesabu

Wakuu habari zenu. Uzi utakuwa mrefu, mnivumilie, hili jambo nimekaa nalo rohoni wiki nzima.

Mimi na mume wangu wote wahasibu. Tumesoma darasa moja, tukaajiriwa kampuni mbili tofauti ndani ya wiki moja na mishahara ilikuwa inakaribiana hadi tukawa tunasema hata tukibadilishana slipu hakuna atakayejua ipi ya nani. Tukaenda hivyo miaka minne, akipanda yeye leo, miezi michache mbele na mimi nimepanda. Mtoto wa kwanza akazaliwa, wa pili akafuata, sasa hivi mkubwa ana miaka saba. Juzi tunaomba mkopo wa nyumba, benki wanataka slipu za wote wawili, nikazipanga mezani. Ya kwake inakaribia mara mbili ya yangu. Aliziona akanyamaza, na mimi nikanyamaza.

Na wala sijafukuzwa, sijapewa barua ya onyo, sijawahi kuacha kazi. Ilikuja kidogo kidogo. Narudi kutoka likizo ya uzazi nakuta faili la mteja mkubwa, ambaye nilihangaika naye mimi toka siku ya kwanza, amepewa kijana mwingine, bosi ananiambia kwa upole kabisa mama pumzika kwanza, haya ya kukesha tutakurudishia mtoto akikua. Alimaanisha wema kabisa yule mzee. Mwisho wa mwezi tukifunga hesabu watu wanakaa mpaka saa tatu saa nne usiku, mimi ikifika saa kumi na moja nishaanza kuangalia mlango. Safari za ukaguzi nilikataa mbili, ya tatu sikuulizwa tena. Huku upande wa pili mume wangu alipopata mtoto bosi wake alimpa mkono akamwambia sasa wewe ni mtu wa familia, na haikupita muda akaongezewa majukumu na cheo. Mtoto ni yuleyule mmoja!

Nikaanza kusoma nikakuta hatuko peke yetu. Kuna wachumi watatu, Kleven, Landais na Søgaard, walichukua kumbukumbu za wafanyakazi wa Denmark za kuanzia 1980 mpaka 2013 wakafuatilia kipato cha wanaume na wanawake kabla na baada ya mtoto wa kwanza. Kabla ya mtoto mistari miwili inaenda sambamba kama reli. Anapozaliwa tu, mstari wa mama unadondoka na wa baba unaendelea kama hakuna kilichotokea, na haikutani tena, miaka mingi mbele mama bado yuko chini kwa kama asilimia 20. Na hilo anguko lina vipande vitatu vinavyokaribia kulingana: kuna wanaotoka kazini kabisa, kuna wanaopunguza saa, na kuna wanaobaki ila kwenye kazi inayolipa kidogo kwa saa ileile. Hiyo ya tatu ndo mimi.

Sasa ninachotaka kusema ni hiki. Hii ishu ikiongelewa watu wanakimbilia likizo ya uzazi. Mi naona sipo hapo. Likizo yangu ilikuwa miezi, simu ina miaka. Nasema simu ya shule. Saa nne na dakika arobaini uko kwenye kikao, simu inatetemeka mezani, mtoto ana homa njoo umchukue, na ukishakuwa wewe ndo mtu wa kupigiwa basi hata siku ambayo haikupigwa unaishi kama itapigwa, hukubali kikao cha mbali, hukubali mteja anayetaka mtu muda wowote, simu unailaza kioo juu ili uione. Nikaenda kuitafuta ile fomu tuliyojaza tukimwandikisha mtoto, nina nakala yake. Kuna mstari wa mzazi wa kwanza na mstari wa mzazi wa pili. Namba yangu iko juu, mwandiko ni wangu, nilijaza mwenyewe mume wangu amekaa pembeni yangu na hakuna kati yetu aliyewaza mara mbili.

Naomba kujua kwenu anapigiwa nani, na kazi ya huyo anayepigiwa imekuwaje. Akina baba pia mje, nawahitaji.

BabaShifti

Dada umenigusa, ngoja nikupe ya upande wetu maana huwa haisemwi. Mimi ni opereta wa mashine kiwandani. Mke wangu alipojifungua aliacha kazi, hatukukaa kikao tukaamua, tulipiga tu hesabu kwamba mimi nalipwa zaidi kidogo basi yeye ndo abaki. Hiyo kidogo ndo iliamua maisha yetu. Mshahara ukabaki mmoja na midomo imeongezeka, nikaanza kuchukua kila ovataimu iliyotajwa, usiku, jumapili, sikukuu, ukisikia kuna shifti haina mtu ni mimi. Miaka miwili hivyo. Kazini nikawa naonekana mfano wa kuigwa, nikapandishwa kuwa kiongozi wa zamu.

Sasa siku moja nimerudi asubuhi binti yangu ana mwaka na nusu, mama yake anaoga, nikamnyanyua. Alilia vile anavyolia mtoto akibebwa na mgeni. Nilimrudisha chini nikakaa naye sakafuni, akatambaa kwenda kusubiri mlangoni pa bafu. Sitakaa nisahau.

Nilienda kwa msimamizi kuomba nitolewe usiku angalau miezi mitatu nizoeane na mtoto. Akaniuliza, kwani mkeo yuko wapi? Sikuwa na jibu, sababu mke wangu yupo kweli nyumbani. Nikarudi kwenye mashine.

Jiwe_Kuu

Naheshimu hoja zenu wote ila mi nitasema tofauti na msinipige mawe. Mimba anabeba mama, anajifungua mama, ananyonyesha mama. Mwili wake unahitaji kupona. Hicho ni kitu cha maumbile, sio bosi wala mume aliyepanga. Halafu tuwe wakweli, wapo akina mama wengi wenyewe wanataka kupunguza kazi wakae na watoto, dada yangu mmojawapo, na ana furaha. Tukisema kila pengo la mshahara ni dhuluma tunawadharau na hao waliochagua.

MamaHesabu

Kaka Jiwe_Kuu hakuna wa kukupiga mawe, hilo swali hata mimi nilijiuliza. Sasa sikia. Walewale wachumi wa Denmark walichukua familia zilizoasili watoto, yaani hakuna mimba, hakuna kujifungua, hakuna kidonda cha kupona, wakazilinganisha na familia zilizozaa. Anguko la kipato cha mama likawa linafanana. Kama ingekuwa ni tumbo na maziwa basi kwa walioasili lisingekuwepo au lingekuwa dogo. Kwa hiyo maumbile yanaweza kueleza ile miezi ya mwanzo, mwaka wa saba hayawezi kuueleza. Mwanangu wa miaka saba hanyonyi.

Na dada yako simdharau hata kidogo. Mimi mwenyewe kuna vipindi nilitaka kuwa nyumbani na nilifurahi kuwepo. Ila angalia mazingira ya kuchagua, mimi nachagua wakati faili langu lishagawiwa, safari zangu zishapewa wengine, na namba yangu iko mstari wa juu. Mume wangu hakuwahi kufika mahali pa kuchagua, hakuna mtu aliyemuuliza hata siku moja atafanyaje na kazi baada ya kupata mtoto. Mimi niliulizwa na kila mtu, mpaka fundi aliyekuja kurekebisha printa ofisini.

NyumaYaDawati

Nimesoma komenti zote nikaona niseme ukweli wangu, kuna dhambi nimeibeba. Nilikuwa afisa utumishi miaka mingi, nimeajiri watu wengi sana. Kwenye intavyuu mwanamke akiingia nilikuwa namuuliza una watoto? wa umri gani? nani anabaki nao? Mwanaume sikumuuliza. Akisema ana watoto nilijiambia huyu ametulia, ana sababu ya kufanya kazi kwa bidii. Jibu hilohilo kwa mwanamke niliandika pembeni ya karatasi alama ndogo ya kuuliza. Nilikuwa natumia penseli. Hakuna mtu aliyenifundisha ile alama na hakuna mtu aliyeniuliza maana yake, tukikaa kamati tunajumlisha maksi, wenye alama ya kuuliza wanaangukia chini ya mstari na tunasema amezidiwa uzoefu.

Kuna utafiti wa Marekani ulichapishwa 2007, wa Shelley Correll na wenzake, walituma maombi ya kazi kwa waajiri wa kweli, wasifu mbili za watu wenye sifa sawa kabisa, tofauti ni kwamba mmoja ameandika ni kiongozi kwenye umoja wa wazazi na walimu wa shule. Wanawake wasio na dalili ya kuwa na watoto waliitwa mara 2.1 zaidi ya akina mama. Wanaume wenye watoto hawakupoteza chochote. Na kwenye sehemu ya maabara washiriki walipendekeza mshahara wa kuanzia wa mama uwe chini kwa kama dola 11,000 kwa mwaka, na baba wakamwona anajituma zaidi ya mwanaume asiye na mtoto. Mwaka huo huo 2007 mimi nilikuwa dawatini na penseli yangu. Niliposoma nilikaa nikajaribu kukumbuka sura za waliopata ile alama, nimekumbuka tatu tu, na walikuwa wengi.

PekeYangu

Mnaongelea mzazi wa kwanza na wa pili. Kwangu mistari yote miwili ni mimi, ya pili nimeandika namba ya mama yangu mzazi.

Mi ni muuguzi. Nilikuwa wodi ya upasuaji, napenda ile kazi mno, mgonjwa anatoka hajitambui unakaa naye mpaka anafungua macho. Ila wodi ina usiku na ratiba inabandikwa ukutani Ijumaa kwa wiki inayoanza Jumatatu, siku mbili tu za kutafuta mtu wa kulala na mtoto. Mama yangu alinisaidia mpaka miguu ikamshinda. Nikaomba kuhamishiwa kliniki ya mchana, nikakubaliwa haraka na nilishukuru. Ila posho ya usiku ikafa, posho ya mazingira magumu ikafa, na kozi ya ubingwa niliyokuwa nasubiria ikaenda kwa mwenzangu aliyebaki wodini, maana kozi ni ya watu wa wodi. Kwenye karatasi cheo changu hakijashuka. Ni kama umesogezwa kiti kwenye meza hiyohiyo ukawekwa mbali na chakula.

Akina dada mkisema baba naye apigiwe, mtukumbuke na sisi ambao hakuna wa kupigiwa. Kwetu dawa ni ile ratiba kubandikwa mapema. Wiki tatu kabla. Kitu kidogo hivyo tu ningekuwa bado wodini.

Mfamasia_J

PekeYangu pole sana mwaya, na hicho ulichosema cha ratiba ndo kiini kabisa, wacha nieleze kwa nini.

Claudia Goldin, yule mama wa Harvard aliyepewa Nobel ya uchumi 2023, amefuatilia historia ya kazi za wanawake Marekani kwa zaidi ya miaka 200. Moja ya anayosema ni kwamba siku hizi sehemu kubwa ya pengo haitokani na mwanamke na mwanaume kulipwa tofauti kwa kazi ileile, linatokea baada ya mtoto wa kwanza, na linakuwa kubwa zaidi kwenye kazi zenye uroho. Kazi yenye uroho ni ile inayomlipa mtu wa saa 60 zaidi ya mara mbili ya mtu wa saa 30, inayotaka upatikane usiku, wikiendi, mteja akipiga simu upokee wewe na sio mwenzako. Sasa familia yenye mtoto haiwezi kuwa na watu wawili kwenye kazi za aina hiyo, lazima mmoja awe wa dharura za nyumbani. Wanandoa wakigawana nusu kwa nusu wote wawili wanakosa ule mshahara mnono, kwa hiyo kwa hesabu ya nyumba inaonekana ni akili mmoja azame kazini na mwingine abaki karibu. Ndo kilichompata BabaShifti na mkewe, ile kidogo aliyoisema.

Na mfano alioutumia Goldin na mwenzake Katz ni kazi yangu mimi, ufamasia. Zamani Marekani wafamasia wengi walikuwa wanamiliki duka, mwenye duka ndo anajua wateja, duka likihitajika usiku ni yeye. Baadaye maduka yakawa ya makampuni makubwa na mahospitali, kumbukumbu za mgonjwa zikaingia kwenye kompyuta, dawa zikawa za viwandani. Leo mgonjwa akinikuta mimi au mwenzangu ni sawa, anafungua faili anaona kila kitu. Matokeo yake mfamasia wa nusu siku analipwa karibu nusu hasa, hapigwi panga la ziada kwa kupunguza saa, na pengo la wanawake na wanaume kwenye fani hii likawa moja ya madogo kabisa kati ya kazi zinazolipa vizuri. Hakuna aliyekaa akasema tuwahurumie akina mama. Kazi yenyewe ilipangwa upya mpaka mtu mmoja akitoka mwingine anaishika.

Ndo maana MamaHesabu nakuuliza kwa nia njema kabisa, yule mteja mkubwa, ni lazima awe na mtu mmoja? Haiwezekani mkawa wawili mnaojua faili lake?

Jiwe_Kuu

Hiyo ya walioasili watoto sikuijua, nimeipokea. Lakini sasa serikali zifanye nini, ziongeze likizo? Maana kuna nchi zina likizo ndefu sana.

Msomaji_Mtulivu

Jiwe_Kuu nimewahi kufanya kazi kwenye mambo ya sera nikujibu kwa ninachokijua.

Sweden 1974 ilikuwa nchi ya kwanza kuiondoa likizo kwa mama peke yake ikawa ya wazazi wagawane wapendavyo. Walivyopenda ni kwamba karibu yote ilichukuliwa na mama. Ikabidi 1995 watenge mwezi mmoja kwa kila mzazi ambao hauhamishiki, baba asipouchukua umepotea. 2002 ikawa miwili, 2016 mitatu. Norway walishaanza hivyo 1993 kwa wiki nne za baba. Na ukitaka kuona nguvu ya hicho kitu, Norway 2014 walipoipunguza sehemu ya baba kutoka wiki 14 hadi 10, akina baba nao wakapunguza siku wanazochukua. Yaani wengi wanachukua kile kilichoandikwa ni chako usipochukua kinakufa. Kinachoandikwa mgawane kinakuwa cha mama.

Ila nisikudanganye, likizo pekee haimalizi. Austria wamebadilisha sheria za likizo na kujenga vituo vya watoto kwa miongo mingi, na ulipofanyika utafiti wa kina pengo la kipato cha mama na baba likaonekana halijasogea la maana. Likizo ndefu ya mama peke yake inaweza hata kumweka mbali na kazi mpaka akirudi amesahaulika. Vituo vya bei nafuu vina msaada wake, jimbo la Quebec kule Kanada walipoanza vituo vya dola 5 kwa siku mwaka 1997 akina mama walioingia kazini waliongezeka wazi. Lakini kuingia kazini na kupanda kazini ni vitu viwili.

Cherehani

Nafupisha. Niliacha ajira mtoto wa pili alipozaliwa nikaanza kushona nyumbani. Watu wananiambia una bahati unajiendesha mwenyewe. Saa zangu nazipanga mimi ni kweli, mashine iko chumbani, mtoto akilala nashona akiamka nasimama. Lakini likizo ya ugonjwa sina, na mchango wa mfuko wa pensheni uliishia mwezi ule nilioacha kazi. Nina miaka kumi na moja ambayo kwenye taarifa yangu ya michango imeandikwa sifuri sifuri sifuri. Mume wangu ya kwake imejaa mpaka chini. Shirika la Kazi Duniani lilisema 2024 kwamba wanawake milioni 708 duniani wako nje ya soko la ajira kwa ajili ya kulea na kuhudumia, wanaume ni milioni 40, na mimi hata humo sihesabiwi maana nashona. Dada zangu mnaopunguza saa, angalieni hiyo taarifa ya pensheni sasa hivi, msingoje, na kama kuna mshahara wa mume unaingia basi sehemu ya mchango iingie na kwa jina lako. Sisi tumeanza mwaka huu.

BabaShifti

Kwetu siku za baba zipo kwenye mkataba. Nimeuliza wenzangu wa zamu, tuko kumi na nne, aliyewahi kuzimaliza ni mmoja, na alipopunguzwa baadaye kwa sababu nyingine kabisa kila mtu akasema ni zile siku. Hapo ndo penye shida, sheria ipo na woga upo.

MamaHesabu

Nimekawia kurudi, nilikuwa nafunga hesabu za mwezi.

Tumefanya hivi. Mume wangu alienda shule mwenyewe akaomba ile fomu, akakata namba yangu kwa kalamu akaandika yake juu, yangu chini. Wiki iliyofuata simu ikaja kwangu. Mwalimu ameni-sevu kama mama fulani toka zamani, fomu hata hajaiangalia. Nikamwambia mwalimu mpigie baba yake tafadhali, kukawa na ukimya, akaniuliza kuna shida yoyote nyumbani? Nikamwambia hapana hakuna, ni zamu yake tu. Nitasema ukweli, kutonyanyuka pale kwenye kiti kulikuwa kugumu. Mkono ulikuwa umeshashika mkoba.

Alhamisi ndo akapigiwa yeye. Yuko kwenye kikao cha bajeti, akasimama akaaga anaenda kumchukua mtoto ana homa. Bosi wake akamuuliza lile swali la BabaShifti neno kwa neno, kwani mkeo yuko wapi?

Akamjibu yuko kazini.

Akatoka. Tunasubiri kuona kama litakuwa na gharama, sijui, tumekubaliana likiwa nalo tutaligawana.

Na Mfamasia_J, lile swali lako nililipeleka kwa bosi kama lilivyo. Nimeomba nirudi kwenye faili la yule mteja, tuwe wawili mimi na yule kijana, kila mmoja analijua lote, atakayetoka mwenzake yupo. Kijana mwenyewe amefurahi kupita kiasi, kumbe mkewe ana mimba ya miezi sita na alikuwa anaogopa kusema. Bosi amesema atanijibu baada ya ukaguzi wa nusu mwaka.